Gharama ya Bustani na Namna ya Kutolipa Mara Mbili

(Hotuba kwa wenye nyumba wa mtaa mmoja katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, kama ilivyoandikwa baada ya kutolewa)

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Ndugu Mtendaji, wazee wetu, akina mama na akina baba mliofika asubuhi hii, ninawashukuru kwa kuniita. Mwenyekiti aliponifuata kitaluni mwezi uliopita alinieleza kwamba nyumba zinazomaliziwa katika mtaa huu ni nyingi, kwamba kila anayemaliza kupaka rangi huanza kuulizia bustani, na kwamba malalamiko yanayofika ofisini kwake yanafanana kama watoto wa mama mmoja: fundi alilipwa, nyasi zikapandwa, nyasi zikafa, na simu ya fundi haipokelewi tena. Akaniomba nizungumze juu ya gharama ya kumwajiri fundi wa bustani, na namna mwenye nyumba anavyoweza kujiepusha na kulipa zaidi ya stahili.

Kabla sijaingia katika hesabu, ninapaswa kuweka jambo moja wazi. Nilifanya kazi ya ugani wa kilimo hadi nilipostaafu, na tangu hapo ninaendesha kitalu kidogo cha miche. Mafundi wa bustani ni wateja wangu, na baadhi ya wenye nyumba waliokaa mbele yangu ni wateja wangu pia. Nitakaposema kuhusu bei ya miche, yapimeni maneno yangu mkijua kwamba nami nimo sokoni.

Imani yangu, baada ya kuwaona mafundi na wenye nyumba wakigombana kwa miaka mingi, ni kwamba walio wengi kati yetu hatuibiwi. Tunalipa zaidi kwa sababu tunanunua kitu ambacho hatujakipima. Hakuna hapa anayekwenda dukani akamwambia muuzaji, "Nipe unga wa kuitosha nyumba yangu," kisha akalipa fedha yoyote atakayotajiwa. Lakini inapofika zamu ya bustani, tunasimama na fundi getini, tunanyoosha mkono kuelekea uwanjani, na kusema, "Nataka pale papendeze, utanifanyia kwa shilingi ngapi?" Fundi naye hajapima. Anatazama geti, anatazama vigae vya baraza, anatazama gari kama lipo, anakadiria kazi kwa macho, anaongeza kidogo kwa hofu ya yale asiyoyajua chini ya udongo, kisha anataja bei. Bei hiyo ni ya geti. Sisi wa Mtwara tulizionja bei za namna hiyo miaka ya vuguvugu la gesi, pale kila kitu kilipopanda kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ana fedha.

Nitawasimulia yaliyonipata mimi mwenyewe. Mwaka 2019, nikiwa bado kazini mkoani Lindi, niliamua kutengeneza uwanja wa nyumba yangu ya hapa Mtwara. Nilizungumza na fundi kwa simu. Tulikubaliana kazi nzima kwa shilingi 1,800,000, na ndani ya bei hiyo kulikuwa na tripu nane za udongo mweusi. Nilituma fedha yote kwa wakati mmoja, mwezi wa Agosti. Mwanangu aliyekuwa akiishi pale alihesabu magari na kunithibitishia kwamba tripu nane zilifika kweli. Nilipofika Januari nilikuta uwanja wa kijani, lakini kijani kile kilikuwa cha ndago, gugu sugu lenye vinundu ardhini. Udongo ulikuwa umechotwa kwenye shamba lililojaa ndago, na ukoka uliopandwa wakati wa kiangazi ulikuwa umekauka kabla haujashika.

Nilichukua rula na jembe, nikachimba mahali kadhaa, na kukuta kina cha udongo ulioletwa ni kama sentimita tano na nusu. Uwanja wenyewe una mita za mraba 260. Zidisheni: mita za mraba 260 kwa mita 0.055 ni mita za ujazo 14.3. Mimi nilipokuwa nikilipia tripu nane, kichwani mwangu lilikuwepo lori lenye bodi ya urefu wa mita 4, upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 0.6, yaani mita za ujazo 5.28 kwa safari moja, na kwa safari nane zaidi ya mita za ujazo 42. Nilidhani nimeibiwa. Nikamuuliza mwanangu ni gari gani lililoleta udongo, akaniambia ni Kenta, lori dogo. Bodi ya Kenta ile, nilipokuja kuipima baadaye, ilikuwa na urefu wa mita 3, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 0.4, ambayo ni mita za ujazo 2.04. Mara nane ni kama mita za ujazo 16.3, na udongo ukishamwagiwa maji na kukanyagwa hushuka. Hesabu ikakaa sawa. Fundi hakunidanganya hata neno moja. Aliahidi tripu nane na akaleta tripu nane, ila neno "tripu" halina kipimo, na mimi, ofisa kilimo mzima, nilikuwa nimetia saini moyoni mkataba wa neno lisilo na kipimo. Mwaka uliofuata nililipa shilingi 1,100,000 nyingine, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikwenda katika kuukwangua na kuuondoa ule udongo wenye ndago ambao nilikuwa nimelipia uletwe.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwenu ni futi kamba. Pimeni uwanja kabla hamjamwita fundi yeyote, toeni eneo la nyumba, la kisima, la tangi na la njia ya gari, kisha andikeni mita za mraba zilizobaki. Tuchukue uwanja wenye mita 20 kwa 15, ambao ni mita za mraba 300, nami nitautumia uwanja huo katika mifano yote ya leo. Fundi akisema unahitaji udongo wa kina cha sentimita 10, unahitaji mita za ujazo 30, yaani tripu sita za lori lile la mita za ujazo 5.28. Akisema sentimita tano zinatosha, ni mita za ujazo 15, yaani tripu tatu. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu na si kwa kutaja bei ya soko la leo, kwamba tripu moja ni shilingi 100,000: tofauti ya sentimita tano za kina ni shilingi 300,000. Sentimita tano ni urefu wa kidole kidogo cha mkono, na ndani ya kidole hicho ndimo fedha nyingi za bustani hupotelea.

Tena, uwanja mwingi wa hapa kwetu hauhitaji udongo wa kuletwa kabisa. Udongo wetu wa pwani ni wa kichanga, haushiki maji wala mbolea kwa muda mrefu, lakini ukoka huota ndani yake vizuri ukilishwa. Toroli moja la samadi iliyooza kwa kila mita za mraba 10, ikachanganywa na udongo wa juu hadi kina cha jembe, hufanya kazi ambayo watu hudhani itafanywa na lori la udongo mweusi. Kwa uwanja wetu wa mita za mraba 300 ni matoroli 30. Iwe iliyooza kweli, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Wanaohitaji udongo wa kuletwa ni wale ambao viwanja vyao vimejaa kifusi cha ujenzi, au wale wa karibu na bahari ambao jembe likizama kidogo tu linagonga mwamba wa matumbawe. Hao walete, lakini waende kwanza wakauone udongo unakochotwa. Wakiona ndago juu ya ardhi ile, vinundu vyake vimo chini, na hakuna fundi atakayewatolea vyote. Wakiona udongo wa kando ya mikoko, waukatae kwa sababu ya chumvi.

Nasema haya kwa kirefu kwa kuwa udongo ndio mahali ambapo mwenye nyumba haangalii. Macho yetu yako kwenye maua.

Sasa tuje kwenye nyasi zenyewe. Kuna njia mbili za kufunika uwanja. Ya kwanza ni kununua nyasi zikiwa vipande vilivyokatwa pamoja na udongo wake, ukavipanga vikagusana, na siku hiyo hiyo uwanja ukawa wa kijani. Ya pili ni kuchambua vishina na kuvipanda kimoja kimoja kwa nafasi, kisha kusubiri vitambae vikutane. Njia ya kwanza inahitaji mita za mraba 300 za nyasi kwa uwanja wa mita za mraba 300. Njia ya pili, kwa uzoefu wangu, inahitaji kama sehemu moja ya kumi, kwa sababu mita moja ya mraba ya ukoka mzuri ikichambuliwa hutosha kupanda takribani mita 10. Vishina vikipandwa kwa nafasi ya sentimita 20 kila upande, mita moja ya mraba huchukua vishina 25, na uwanja wote vishina 7,500. Vikipandwa kwa nafasi ya sentimita 30, ni vishina 11 tu kwa mita, na uwanja utachelewa kufunga huku magugu yakiwahi nafasi. Kwa hiyo fundi akikutajia bei ya nyasi, mwulize anapanda kwa njia ipi na kwa nafasi ya sentimita ngapi. Nimewaona watu waliotozwa gharama inayokaribia ya vipande huku uwanjani wakipandiwa vishina vya nafasi ya futi nzima. Mwenye nyumba hana shida ya kungoja miezi miwili au mitatu ya mvua ikiwa kungoja huko kunamwachia fedha ya kumalizia uzio.

Aina ya nyasi nayo ina gharama yake. Zile zinazofahamika kama kikuyu ni nyasi za nyanda za juu zenye ubaridi, na anayezileta katika joto la Mtwara analeta hasara, hata zikipendeza namna gani pichani. Ukoka wa kawaida unastahimili jua na ukame wetu, lakini hauvumilii kivuli, kwa hiyo chini ya mwembe usiupande, acha majani yaanguke au weka kokoto. Kwa viwanja vya karibu na maji ya chumvi, pasipalamu ya pwani hustahimili chumvi kuliko nyasi nyingine tulizo nazo. Mimi ningewashauri wengi wenu mwanze na ukoka. Upo, umezoea ardhi hii, na jirani anayepunguza uwanja wake hutupa vishina vyake jalalani. Ombeni. Pandeni leo mita sita za mraba kwenye kona, mzimwagilie lita 30 kwa siku, na mvua zitakapofika mtakuwa na vishina vya kupanda mita 60 bila kumlipa mtu.

Nimetaja maji, na hapa ndipo ilipo gharama ambayo fundi hataiandika kwenye makadirio yake kwa sababu halipi yeye. Nyasi changa wakati wa kiangazi zinahitaji kama lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku. Uwanja wetu wa mita za mraba 300 utakunywa lita 1,500 kila siku, ambazo ni ndoo 75 za lita 20. Kwa siku 30 ni lita 45,000, na kwa kuwa uniti moja ya maji ni lita 1,000, hizo ni uniti 45 kwa mwezi juu ya maji yenu ya kupikia na kufulia. Kila mmoja achukue bili yake ya MTUWASA, mamlaka yetu ya maji, aangalie bei ya uniti, azidishe mwenyewe usiku wa leo. Wenzetu wa Lindi wafanye hivyo kwa bili ya LUWASA. Nimeona nyumba ambamo bili ya miezi miwili ya kumwagilia ilikaribia ujira wote aliolipwa fundi kwa kupanda, na nyumba nyingine ambamo mwenyewe alichoka kulipa, akafunga bomba, na nyasi zikafa zikiwa zimeshalipiwa.

Dawa ya gharama hiyo ni kalenda, na kalenda yetu wa kusini si ya Dar es Salaam wala ya Tanga. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Hatuna vuli na masika yaliyotengana ya kutupa nafasi ya pili katika mwaka. Na tuna korosho. Minada inapoanza, kwa kawaida Oktoba, magari ya mizigo huenda kubeba korosho kutoka vyama vya msingi kwenda maghalani, vibarua huenda mashambani kuokota, na fedha inaingia mitaani, kwa hiyo bei ya tripu na bei ya siku ya kibarua hupanda kwa pamoja. Anayeita lori la udongo mwezi wa Novemba anashindana na korosho, na korosho itamshinda. Kisha mvua za kwanza zikinyesha, mafundi wengi wa bustani, ambao ni wakulima pia, hukimbilia kupanda mashamba yao, na hatuwezi kuwalaumu kwa hilo.

Sasa tuko Julai. Huu ndio wakati wa kazi ya udongo: kusafisha, kusawazisha, kutoa kifusi, kuleta samadi, kuchimba mashimo ya miti. Magari yapo, na ardhi ni kavu haigandi kwenye matairi. Mkimaliza, mwagieni maji kidogo mara mbili tatu ili ndago zilizolala ziamke, mzing'oe na vinundu vyake kabla hamjapanda kitu. Makubaliano ya kupanda yafanyeni sasa, mwandike kabisa kwamba kupanda kutafanyika mvua zikishakolea, na wakati huo mwachieni Mungu kazi ya kumwagilia. Mtu anayepanda Desemba badala ya Agosti hajapunguziwa bei na fundi hata shilingi moja, lakini amepunguza gharama kuliko punguzo lolote ambalo angelipigania getini.

Kuhusu fundi mwenyewe na namna ya kumlipa. Andikeni karatasi moja yenye vipimo vyenu: mita za mraba, kina cha kulima, matoroli ya samadi, aina ya nyasi na nafasi ya kupanda, idadi na aina ya miche, na nani ataondoa takataka na kuzipeleka wapi. Nakala ya karatasi hiyo hiyo wapeni mafundi watatu. Mkiwapa maelezo ya mdomo, kila mmoja atawapa bei ya bustani iliyo kichwani mwake, na mtakuwa mnalinganisha papai na nazi. Mkiwapa karatasi, bei zitakazotofautiana sana zitawaonyesha ni nani hakuelewa kazi. Bei ya chini kabisa mara nyingi ni ya yule ambaye hajaona kifusi kilichofukiwa nyuma ya choo, na atakapokiona atarudi kwenu kudai nyongeza au ataondoka.

Kila makadirio yatenganishwe: vifaa upande mmoja, ujira upande mwingine. Kwa kazi za nyumba zetu za kawaida, ninapendelea mwenye nyumba anunue vifaa mwenyewe, kwa sababu mbili. Ya kwanza mnaijua, kwamba bei ya samadi, miche na kokoto mtaiona kwa macho yenu. Ya pili ni kwamba fundi wetu mara nyingi hana mtaji, na anapoomba advansi kubwa si kwamba anataka kutoroka, bali fedha yenu inakwenda kumalizia kazi ya mtu wa kabla yenu. Mkimwondolea mzigo wa kununua, hana sababu ya kuomba fedha nyingi mbele. Nenda naye kitaluni, lakini malipo yapite mkononi mwako.

Ujira ugaweni mafungu matatu. La kwanza lilipwe uwanja ukishalimwa na kusawazishwa, la pili siku ya kumaliza kupanda, na la tatu siku nyasi zitakapokatwa kwa mara ya kwanza. Hili la tatu ndilo ninalolisisitiza kuliko yote niliyosema. Siku ya kupanda, uwanja mbaya na uwanja mzuri hufanana. Vishina vilivyozikwa bila mizizi, vilivyokaa juani kutwa nzima ndani ya kiroba, vilivyopandwa juu ya kifusi kilichofunikwa kwa udongo wa kidole, vyote huonekana kijani hadi wiki ya pili. Nyasi zikifika kukatwa, zimeshika, na hapo kazi imekwisha. Fundi mzuri halikatai sharti hili akielezwa mapema, na kwa kadiri nilivyoona, huwa anarudi mwenyewe katikati kuangalia, maana anazo fedha zake ndani ya uwanja ule. Lakini nanyi muwe waaminifu. Ikiwa mlipewa jukumu la kumwagilia na hamkumwagilia, fungu la tatu ni haki yake.

Makubaliano haya yaandikwe na kusainiwa na pande mbili na shahidi mmoja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai mkataba wa mdomo, lakini siku ya ubishi mdomo hauna kumbukumbu, na wazee walikwisha kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa mmoja wa daftari la shule unatosha.

Kuna jambo dogo la kodi ambalo limewagharimu baadhi ya watu, hasa wenye nyumba za wageni. Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ina haki ya kuongeza kodi hiyo, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na inapaswa kuwapa risiti ya mashine ya EFD. Mtu asiyesajiliwa hana haki ya kuandika mstari wa VAT kwenye makadirio yake. Ukiuona mstari huo, omba kuonyeshwa cheti cha usajili kabla ya kulipa. Kwenye kazi ya shilingi 2,000,000, mstari huo peke yake ni shilingi 360,000.

Miti mikubwa ni habari nyingine. Kuangusha mwembe mkongwe au mvinje uliokaribia bati ni kazi ya hatari, bei yake inafuata urefu wa mti na ukaribu wake na nyumba, na sitaki mtu yeyote aibane sana, kwa sababu anayepanda juu na kamba na msumeno anaweka maisha yake. Mti ulioshikana na nyaya za umeme, toeni taarifa TANESCO, msimtume fundi. Ninachowaomba mwulize ni jambo moja linalosahauliwa: kuni na magogo ni ya nani? Mara nyingi mwenye nyumba hulipa kukatwa, hulipa kuondolewa, kisha magogo yanakwenda kuuzwa na aliyeyaondoa. Thamani hiyo iingizwe kwenye mapatano tangu mwanzo, ama kwa kupunguza bei, ama kwa magogo kubaki nyumbani.

Na mnapopanda miti mipya, msinunue mingi. Hapa ninasema dhidi ya mfuko wangu mwenyewe. Ramani ya bustani yenye miche 60 inapendeza siku ya kwanza na inakuwa msitu mwaka wa nne. Wataalamu wa korosho wanashauri mkorosho na mkorosho wapishane mita 12, na nyie mnapanda mkorosho, mwembe na mkungu ndani ya mita hizo hizo, tena kando ya ukuta. Baada ya miaka mtamwita yule wa msumeno. Mti mmoja wa kivuli upande wa jua la mchana, asumini karibu na dirisha, boganvilia kwenye uzio, vinatosha uwanja wa mita za mraba 300. Miche inayosafirishwa kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, hufika imechoka na ina nauli juu yake. Karibu yote mnayoihitaji inaoteshwa hapa hapa. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipoikata barabara ile upande wa Lindi, tulijifunza wote bei ya kutegemea kitu cha mbali.

Kwa wanaotaka pavingi, yaani njia ya kutandikwa vitofali, hesabu ni fupi. Kitofali cha sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita moja ya mraba, kwa hiyo njia ya mita za mraba 30 ni vitofali 1,500, ongezeni kidogo kwa vitakavyovunjika. Fedha isipunguzwe kwenye kushindilia chini, wala kwenye mteremko wa kutoa maji nyumbani.

Matunzo ya kila mwezi ni gharama isiyokwisha, na hapo ndipo mapatano ya uvivu yanapowatafuna watu polepole. Wengi huweka bei moja kwa mwezi mwaka mzima. Lakini kuanzia Desemba hadi Aprili ukoka unaweza kuhitaji kukatwa mara mbili kwa mwezi au zaidi, na kuanzia Julai hadi Oktoba, uwanja usiomwagiliwa karibu haukui. Patanani kwa kila mkato, si kwa mwezi, na mseme mapema mafuta ya mashine ni ya nani. Kwa uwanja mdogo, fyekeo na reki mikononi mwa mtu makini vinatosha.

Ndugu zangu, nimezungumza sana upande wenu, na mafundi wapo hapa nyuma wamesimama wakisikiliza kwa adabu, kwa hiyo nao wana haki ya kusemewa. Mwenye nyumba anayembana fundi hadi ujira usitoshe chakula cha vibarua wake hapati bustani ya bei nafuu. Anapata uwanja uliolimwa nusu ya kina na samadi iliyowekwa pembeni mwa njia tu, panapoonekana. Uwanja wetu wa mita za mraba 300, ukiwa umeshasawazishwa, kwa uzoefu wangu huchukua vibarua wanne na siku tatu kupandwa vizuri, yaani siku kumi na mbili za mtu mmoja. Zidisheni kwa ujira wa haki wa siku, ongezeni usimamizi wa fundi na vifaa vyake, na mtaijua bei ambayo chini yake si vyema kushuka. Na kila mnapobadili mawazo katikati ya kazi, mkasema ua lile lihamie huku na njia ipinde kule, mnanunua kazi mpya, na kazi mpya ilipwe.

Futi kamba niliyokuja nayo ina mita 50. Ninaiacha ofisini kwa Ndugu Mtendaji, na anayetaka kuiazima aandike jina lake na namba ya nyumba kwenye daftari, airudishe siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama, ili hadi mwisho wa Agosti kila uwanja wa mtaa huu uwe umepimwa na mwenyewe.